Posa ya Bunduki Kumi na Moja

Nchi yenyewe siitaji, na msidhani naogopa. Kule majina yote hutolewa na Ofisi ya Majina, na karani wake yuko likizo tangu masika ya mwaka juzi. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, yenye wimbo, na yenye bohari kubwa ya silaha, na ndani ya bohari hiyo alifanya kazi Sajini Mbaruku, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, maskini wa Mungu.

Sajini Mbaruku alikuwa na kidole gumba chenye sifa nchi nzima. Ukimpa risasi, anafumba macho, anaibingirisha juu ya gumba mara moja, anakwambia saizi yake. Ukimpa bunduki, anachomeka ncha ya gumba kwenye mdomo wa mtutu, anakwambia risasi gani itaingia. Hakukosea hata siku moja. Kwa kipaji hicho ndivyo alivyoajiriwa, na kwa miaka kumi na tisa aliyokaa bohari hakuwahi kuona risasi ikiingia katika bunduki yoyote.

Ilikuwaje? Nchi ile ilikuwa na majenerali wawili waliosoma darasa moja na kuchukiana tangu daftari la kwanza. Jenerali Tindo alishikilia kwamba usalama wa taifa ni kuwa na bunduki za kila saizi. "Hatujui adui atakuja vipi," alisema redioni, "basi tuwe na bunduki nyembamba kwa adui mwembamba, na pana kwa adui mpana." Jenerali Mavumba akamjibu kesho yake, redio ileile, kwamba bunduki ni chuma tu, kinachouma ni risasi. "Chagueni saizi moja," alisema, "mrundike mpaka zifike darini. Taifa lenye rundo halilali njaa." Hakuna aliyeelewa njaa imeingiaje hapo, lakini wasikilizaji walipiga makofi, kila mmoja nyumbani kwake.

Ubishi ule ulichukua miaka mitatu. Nchi iligawanyika hadi vinyozi: kulikuwa na vinyozi wa Tindo na vinyozi wa Mavumba, na mtu aliyekosea kiti alitoka na nusu ya kichwa. Mwishowe Mlezi wa Taifa, maana ndivyo rais wao alivyopenda kuitwa, akawaita wote wawili akatoa uamuzi. "Nyote mmesema kweli," alisema, "na mimi sina tabia ya kumnyang'anya mtu kweli yake." Tindo akapewa Wizara ya Bunduki. Mavumba akapewa Wizara ya Risasi.

Tindo akaagiza bunduki za saizi arobaini na tatu kutoka kwa marafiki arobaini na watatu wa taifa, asije rafiki yeyote akanuna. Mavumba akaagiza rundo la risasi za saizi moja tu, na kwa kumkomoa mwenzake akachagua ile ambayo katika aina zote arobaini na tatu iliingia katika aina moja peke yake, namba kumi na saba. Na kuhusu hizo namba kumi na saba, daftari la bohari lilisema hivi: Hazipo. Zimeazimwa. Asiulizwe aliyeazima.

Sajini Mbaruku aliwahi kuuliza mara moja, alipokuwa mgeni kazini. Akaambiwa kwa upole sana kwamba ana mtoto mdogo. Hakuuliza tena.

Lile rundo la Mavumba lilijaza ukumbi mzima, na hakuna bunduki mle bohari iliyolipunguza. Hata hivyo kila mwaka, baada ya maandamano ya wanafunzi au ya wauza mkaa, upande wake wa mlangoni ulikutwa umebonyea. Ofisi ikamwagiza Sajini aandike: Zimeliwa na panya. Akaandika. Mtu wa kazi yake, akaomba na paka. Paka akaletwa, akakaa miaka sita bila kuona panya hata mmoja, akakonda, akahama zake.

Sasa, kwa kuwa wizara mbili hazikuwa zikisemezana, ilibidi ipatikane karatasi ya kuzikutanisha. Mpiga chapa wa serikali alikuwa na shehena ya fomu za ndoa zilizobaki, zikatumika hizohizo. Penye bibi harusi waliandika kwa mkono bunduki, penye bwana harusi wakaandika risasi, na Sajini Mbaruku akapewa cheo cha Mshenga wa Bohari. Kilichoanza kwa kubana matumizi kikawa desturi, na desturi ikawa sheria. Kituo kikitaka risasi kilileta barua ya posa. Mwisho wa fomu, kwa wino mwekundu, palikuwa na swali moja: Je, imeingia? Na hapo Mshenga wetu, fomu baada ya fomu, alijaza neno lilelile: Hapana.

Basi yule mtoto mdogo akakua. Mwanahawa bint Mbaruku akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya Chumvini, kijiji cha mwisho kabisa, ukivuka jaruba la chumvi umeshatoka nchini. Mama yake alikuwa amefariki, na Sajini hakuwa na mwingine. Kila mwezi alipata barua moja kutoka kwake, akaisoma mara tatu, akaiweka ndani ya kofia.

Barua ya mwezi ule ilikuja na karatasi nyingine ndani yake.

"Baba, shikamoo," aliandika Mwanahawa. "Mimi mzima, hofu ni kwako. Wale wezi wa ng'ambo wametuletea tena barua, nimekunakilia uione."

Wezi wa ng'ambo walikuwa na adabu hiyo. Walikuwa wamegundua kwamba serikali ya nchi ile haifiki mahali bila kutanguliza barua, wakaona na wao wasionekane washenzi. Barua yao ilisema: "Tutawasili Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, Mungu akijalia. Mwaka jana tulikuta mbuzi wamefichwa, jambo lililotusikitisha. Safari hii tutachukua mbuzi, chumvi magunia sitini, na muuguzi mmoja, maana wetu amefariki na tunao majeruhi. Nakala: Mkuu wa Wilaya."

"Muuguzi hapa ni mmoja, baba," Mwanahawa aliendelea. "Babu Mshuza na askari wake wa kituo wana bunduki kumi na moja, aina kumi na moja, na hakuna hata moja yenye risasi. Babu Mshuza ameapa kwamba hawanichukui, lakini alipokuwa anaapa alikuwa ameshika fimbo. Wewe ndiye uliye kwenye risasi. Nisaidie."

Sajini Mbaruku aliketi juu ya sanduku. Akampigia simu ya posta siku ileile kwamba aache kila kitu aje mjini. Mwanahawa akajibu kwa njia hiyohiyo, kwa maneno machache: likizo ya muuguzi inahitaji muuguzi wa kumshikia nafasi.

Asubuhi yake Sajini akapiga pasi sare, akaenda Wizara ya Bunduki. Jenerali Tindo alimpokea ofisini, ukuta mzima umetundikwa bunduki kama sufuria za bibi harusi.

"Kumi na moja, aina kumi na moja," alisema Tindo, akatabasamu. "Unaona, Mshenga? Kijiji kidogo namna ile, na bado adui hajui tutampiga kwa ipi. Huo ndio ulinzi."

"Hazina risasi, afande."

"Hilo ni la jirani."

"Wanakuja kumchukua mwanangu, afande. Jumamosi."

Tindo hakuwa mtu mbaya, hata mimi nasema hivyo. Akafungua droo akatoa picha ya bunduki moja fupi, ya rangi ya samawati. "Hii inakuja mwezi wa tisa," alisema. "Nzuri ajabu. Nitaagiza Chumvini wapate ya kwanza."

Sajini akavuka barabara kwenda Wizara ya Risasi. Jenerali Mavumba alikuwa anapimisha urefu wa rundo kwa simu. Alimsikiliza, akaguna, akasimama dirishani mikono nyuma.

"Mshenga," alisema, "rundo langu limewahi kuliangusha taifa hili?"

"Hapana, afande."

"Limewahi kuibwa?"

"Hapana, afande. Ila panya."

Mavumba akakohoa. "Ya panya yaache. Nataka kusema kwamba taifa halina upungufu wa risasi. Waandikie Chumvini hivyo. Waambie wakisikia hofu, wafumbe macho waliwaze rundo."

Sajini alirudi bohari na machozi yanamlengalenga, mtu mzima na utepe begani. Lakini miaka kumi na tisa katika kiti kimoja humfundisha mtu kusoma kanuni. Akashusha kitabu cha Kanuni za Posa, akapuliza vumbi, akakisoma kutoka jalada hadi jalada, na katika ukurasa ambao haukuwa umewahi kufunguliwa, kingo zake bado zimeshikana, akakuta hiki: Bunduki itakayofikishwa mbele ya Jopo la Ridhaa na kukosa risasi ya kuingia, itabadilishwa papo hapo kwa bunduki inayoingia risasi iliyopo.

Akaisoma tena kwa kidole. Risasi iliyopo ilikuwa moja. Bunduki inayoingiwa nayo ilikuwa moja, namba kumi na saba. Maana yake serikali ingelazimika kuzirudisha zile zilizoazimwa, kwa sheria yake yenyewe. Hakuna aliyewahi kuomba kwa sababu hakuna aliyewahi kusoma.

Masharti yalifuata. Bunduki ije yenyewe, isiwakilishwe. Iletwe na mwenye kuibeba. Ifunikwe kanga, kwa heshima. Isindikizwe na wanawake wasiopungua watatu, wakiimba. Na msindikizaji aliye mtumishi wa serikali apewe ruhusa ya harusi ya siku nne, bila kushikiwa nafasi.

Hapo Sajini alicheka peke yake, akaita ukuta "mwanangu". Mwanahawa angekuja mjini kwa ruhusa halali, Babu Mshuza angebadilishiwa bunduki, na Ijumaa wangekuwa wamerudi Chumvini na risasi zinazoingia. Akapiga simu ya posta: Njooni wote kumi na moja. Njooni na bunduki. Alhamisi asubuhi. Kanga na nyimbo muhimu.

Jopo la Ridhaa lilikuwa limehamishwa tangu mwaka uliopita kwa sababu jengo lake lilivuja. Sasa lilikaa katika nyumba inayotazamana na lango la Ikulu.

Sajini hakuwa mzembe. Alijua Gadi ya Ikulu lazima iarifiwe. Akapeleka fomu Wizara ya Bunduki, ikagongwa muhuri wa Imeonekana. Akapeleka Wizara ya Risasi, ikagongwa Imeonekana. Akaipeleka Ikulu. Karani wa langoni akaigeuzageuza.

"Haina muhuri wa Ikulu," alisema karani.

"Ndiyo nimekuja kugongewa."

"Muhuri uko ndani, mzee wangu. Na karatasi isiyo na muhuri haiingii ndani."

"Basi nitoleeni huo muhuri hapa nje."

Karani akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ukitoka nje si wa Ikulu tena."

Sajini akaenda na kurudi siku mbili. Jumatano jioni yule karani, kwa utu tu, akamwahidi kwamba atawaambia wenzake kwa mdomo. Aliwaambia kweli. Lakini zamu ya Alhamisi ilikuwa ya wengine.

Alhamisi saa tatu asubuhi Sajini Mbaruku alisimama kwenye ngazi za Jopo, fomu kumi na moja kwapani, kalamu mbili mfukoni. Jua lilikuwa limeshachangamka. Akawasikia kabla ya kuwaona: sauti za wanawake, vigelegele, na kigoma kidogo. Wakakata kona. Mbele alikuwa Mwanahawa kwa sare yake nyeupe ya uuguzi, anaongoza wimbo, na nyuma yake wanawake wanne wa Chumvini. Halafu Babu Mshuza, koplo wa miaka sitini na ushee, nywele nyeupe kwa umri na nyusi nyeupe kwa chumvi, na askari wake kumi. Kila mmoja amekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa kanga mpya. Walikuwa wamesafiri mchana kutwa na usiku kucha juu ya lori la chumvi na bado walikuwa wamepiga mstari.

Sajini akapunga mkono. Mwanahawa akamwona, akacheka, na wimbo ukamkatika kidogo.

Mlinzi mmoja wa Gadi akatoka mbele ya lango akanyoosha kiganja. "Nyie. Mmebeba nini?"

Babu Mshuza alikuwa mtu mkweli, na aliulizwa na mkubwa wake. Akasimama wima, akapiga saluti kwa mkono mmoja.

"Bunduki, afande," alisema.

"Za nini?"

"Tumekuja kuziozesha."

Kisha, ili afande aone kwamba hana la kuficha, akaanza kufunua kanga.

Sajini aliona walinzi wakiinua zao. Zilikuwa ngeni kwake. Katika miaka yote ile hakuwahi kushika bunduki fupi za namna ile, zenye mdomo wa duara nene. Zikalia. Zililia vizuri, bila kukwama, moja baada ya nyingine, mlio laini wa kitu kilichokaa mahali pake. Na nawaambia jambo ambalo mwenyewe hakulisema kwa mtu mpaka baadaye sana: kwa kitambo kidogo tu, kabla akili haijafika, moyo wa Sajini Mbaruku ulifurahi. Ulisema, zimeingia. Kisha akaona kanga zimetapakaa barabarani, akaanza kukimbia.

Mwanahawa alikuwa mzima. Alikuwa amepiga magoti juu ya Babu Mshuza, mikono miwili imebana tumbo lake, anaita pamba na hakuna pamba, akavuta kanga ya karibu akaitumia hiyo. Watatu walikufa palepale. Babu Mshuza aliishi mpaka hospitali, na hapo, kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache, ni Mwanahawa mwenyewe aliyemshikia daktari bakuli.

Mchana Mwanahawa alitoka chumba cha upasuaji, sare haina tena pahali peupe. Baba yake alikuwa benchi, zile fomu bado ziko kwapani.

"Amefariki," alisema Mwanahawa.

Akafungua kiganja, ndani yake risasi iliyotolewa tumboni mwa Babu Mshuza. "Baba," alisema, "hii ni ya kwetu?"

Hakukuwa na haja ya kupima. Lakini aliichukua, akafumba macho kwa mazoea, akaibingirisha juu ya gumba mara moja. Saizi ile alikuwa analala nayo na kuamka nayo. Akamfikiria yule paka wa watu, alivyokonda bure.

"Ni yetu," alisema.

"Ulituambia tuje nazo."

"Nilikwambia, mwanangu."

Mwanahawa hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Alikaa benchi ileile, mbali naye kwa nafasi ya mtu mmoja, akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja.

Saa kumi redio ilitangaza kwamba jaribio la watu kumi na mmoja wenye silaha nzito limezimwa. Majenerali wote wawili walialikwa studio. "Wananchi wamejionea," alisema Tindo, "bunduki namba kumi na saba niliileta mimi, nikachekwa." Mavumba akasema, "Na ilikula nini hiyo bunduki? Ilikula rundo langu." Kisha, mbele ya vipaza sauti, wakakumbatiana, na inasemekana walilia. Mlezi wa Taifa akawapongeza kwa kumaliza ugomvi wa miaka mingi, akatangaza siku hiyo iwe Siku ya Ridhaa, isiyo ya kazi. Wale askari saba waliobaki wakawekwa ndani kwa kosa la kuingia mjini na bunduki zisizofanya kazi, jambo linalolidhalilisha jeshi.

Jumamosi saa nne wezi wa ng'ambo walifika Chumvini kama walivyoandika. Walikuta kituo hakina mtu. Wakachukua mbuzi na chumvi. Muuguzi hawakumpata, kwa kuwa alikuwa mjini anahojiwa, basi wakamchukua mkunga, bibi wa miaka sabini, wakaacha barua ya kuomba radhi kwa mabadiliko hayo. Nakala: Mkuu wa Wilaya.

Jumatatu Sajini Mbaruku alirudi kazini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asirudi. Upande wa mlangoni wa rundo ulikuwa umebonyea. Mezani palikuwa na fomu moja, imeshajazwa yote na Ikulu, na safari hii ilikuwa na muhuri wake, mkubwa, wa rangi ya dhahabu. Penye bunduki: namba kumi na saba. Penye risasi: iliyopo. Shahidi wa kwanza: Gadi. Shahidi wa pili: Marehemu Koplo Mshuza. Palibaki swali la mwisho, lile la wino mwekundu, ambalo kwa sheria hujazwa na Mshenga peke yake. Karani kijana wa Ikulu alisimama pembeni akingoja.

"Nisipojaza?" aliuliza Sajini.

"Binti yako bado yuko kwa wahojaji, mzee," alisema karani, kwa upole uleule wa zamani.

Sajini akachukua kalamu. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na tisa, ukaanza wenyewe kuandika Ha. Akausimamisha, akakata, akaandika pembeni yake: Ndiyo.

Karani akaichukua, akaitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Fomu yenye muhuri wa dhahabu haikubali kukatwakatwa. Akatoa nyingine safi kwenye mkoba, imejazwa vilevile, akamwekea mbele.

"Andika tena, mzee wangu," alisema. "Mara hii bila kukosea."

Akaandika tena.